Kifungo Kimekwisha, Deni la Bibi Bado

Mtu akimaliza kifungo chake katika gereza la Lilungu, Mtwara, serikali imeshamalizana naye. Amehukumiwa, ametumikia, ametoka. Lakini akishuka kwenye gari Tandahimba au Kitangari anakuta kijiji hakijamalizana naye hata kidogo. Yupo mtu ambaye yeye alimwibia, au alimpiga, au alimchomea nyumba. Mtu huyo anachota maji kisima kilekile, na kwa muda wote wa kifungo hakuna aliyekwenda kumuuliza anataka nini.

Makala haya yanahusu pengo hilo, na jambo ambalo wengi wetu huku kusini tunalisikia kwenye semina bila kufafanuliwa vizuri: haki rejeshi, yaani aliyekosa na aliyekosewa kukutanishwa kwa hiari ili kosa lisemwe na deni kati yao lilipwe. Yanahusu pia swali gumu zaidi, la mtu aliyetoka jela anayetaka miaka yake iliyobaki iwe na maana, akaambiwa kwamba kazi ya kusuluhisha wengine ndiyo itakayompa maana hiyo. Naamini inaweza kumpa. Ila mpangilio ukikosewa, kazi hiyohiyo inamuumiza yeye, na inamuumiza upya aliyekosewa.

Jamhuri dhidi ya fulani

Tuchukue mfano wa kutunga, wa aina inayofahamika kila msimu. Bibi mmoja wa Tandahimba ameokota korosho zake, amezianika, amejaza magunia mawili, anasubiri kuyapeleka chama cha msingi cha ushirika ili ziingie mnadani. Usiku kijana wa jirani anavunja mlango na kuyabeba. Kukicha korosho zimeshauzwa kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye mali ya wizi habishani bei. Kijana anakamatwa, anafikishwa mahakamani, anapigwa mvua mbili, yaani miaka miwili. Akiwa na tabia njema huko ndani anapunguziwa theluthi moja, kwa hiyo baada ya miezi 16 yuko uraiani.

Sasa tazama upande wa bibi. Kesi ile haikuitwa kwa jina lake; iliitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Yeye alikuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Aliitwa, akaapa, akajibu alichoulizwa na si zaidi, akaambiwa anaweza kwenda, akatafuta gari la kurudi kwao. Fedha ya magunia yale ndiyo ingelipa vibarua wa palizi na kununua sare za mjukuu. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, lakini fidia kutoka kwa mtu asiye na kitu, tena aliyefungwa, mara nyingi inabaki kwenye karatasi. Halafu kuna hasara isiyopimwa kwa mizani ya ghalani: bibi haamini tena mlango wake. Akisikia mbwa wanabweka anakaa kitandani mpaka alfajiri. Na lipo swali linalomkereketa kuliko korosho zenyewe: yule kijana alikuwa anakuja kuomba maji kwangu, kwa nini alinichagua mimi?

Mfumo wa jinai uliwekwa hivyo kwa sababu nzuri, na siudharau. Dola inapoichukua kesi, mnyonge halazimiki kumfukuza mwenye nguvu kwa miguu yake, na visasi vya ukoo kwa ukoo vinakatwa. Gharama yake ni kwamba aliyeumia anageuka kuwa chombo cha kesi, na aliyeumiza analipa kwa Jamhuri, ambayo haikupoteza hata punje moja ya korosho. Kijana anatoka akisema "nimeshatumikia", na kisheria anasema kweli. Bibi anasema "hajanilipa", na yeye anasema kweli. Wanakutana njiani, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Maswali yanayobadilika

Haki rejeshi inaanza kwa kubadilisha maswali. Mahakama inauliza sheria gani imevunjwa, nani kaivunja, anastahili adhabu gani. Howard Zehr, Mmarekani aliyechangia sana kuiweka fikra hii katika maandishi, alipendekeza tuulize: nani ameumia, anahitaji nini, na ni wajibu wa nani kukidhi mahitaji hayo. Ukiuliza hivyo, bibi anahama kutoka kiti cha shahidi na kuwa mwenye shauri. Na kijana haketi tena akisubiri siku zihesabike, anadaiwa kitendo.

Wanaosimulia historia ya harakati hii katika nchi za Magharibi hupenda kuanzia Elmira, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili wa miaka 18, wakiwa wamelewa, walizunguka usiku wakiharibu mali: matairi yalichanwa, vioo vilivunjwa. Mali za watu 22 ziliharibiwa. Ofisa wa uangalizi aliyepewa shauri lao, Mark Yantzi, alimwomba hakimu jambo ambalo halikuwa na utaratibu: vijana wale wapite nyumba kwa nyumba, wakutane na waliowaharibia, wasikie hasara, kisha walipe. Hakimu alisita, kisha akakubali. Walipita, na ndani ya miezi michache walilipa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi bila mwisho wake, na mwisho ndio unaotuhusu. Mmoja wa vijana wale, Russ Kelly, aliendelea na maisha yenye misukosuko. Karibu miaka 28 baadaye, akiwa mtu mzima aliyerudi chuoni, alisikia darasani simulizi la Elmira likifundishwa kama chimbuko la haki rejeshi, akagundua kwamba anayezungumzwa ni yeye. Alijitokeza, akajitolea katika shirika la usuluhishi lililokuwa limechipuka kutokana na tukio lilelile, akawa anasimulia kisa chake hadharani. Kelly hakufungwa kwa kosa lile, kwa hiyo simleti kama mfano wa mfungwa. Ninachokiona kwake ni utaratibu wa mambo: alilipa kwanza, na maana ikaja baada ya miaka mingi bila yeye kuifukuzia.

Kwingineko mambo yalikwenda kwa njia zake. New Zealand iliingiza vikao vya ukoo katika sheria ya watoto mwaka 1989, ikichota kutoka kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Rwanda iliendesha mahakama za kijamii za Gacaca hadi 2012, zikapitia mashauri yapatayo milioni 1.9 ya mauaji ya kimbari. Zilisifiwa na zikalaumiwa, na si sawa kuzifananisha na wizi wa korosho. Mwaka 2002 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha misingi ya kuongoza kazi hii, na msingi mmoja hauna mjadala: hakuna kikao bila ridhaa ya hiari ya pande zote mbili.

Mambo manne yanayochanganywa

Hapa ndipo mazungumzo mengi ya Mtwara na Lindi yanapopotea: mambo manne yanachukuliwa kana kwamba ndiyo haki rejeshi.

La kwanza ni msamaha wa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe au kupunguza adhabu, na tumezoea kusikia majina yakitoka karibu na Aprili 26 au Desemba 9. Huo ni msamaha wa dola kwa mtu wa dola. Bibi hakuulizwa, na hakuna sheria inayosema kwamba kwa kuwa Rais amesamehe basi na yeye amesamehe. Parole, yaani kutoka gerezani mapema kwa masharti, ni hivyohivyo, na kifungo cha nje chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo inaruhusu mahakama kumpangia mtu kazi ya kijamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, kinakaribia haki rejeshi bila kuwa haki rejeshi. Mtu anafagia zahanati, jambo jema, lakini bibi hana zahanati.

La pili ni fidia. Fidia ni sehemu, na mara nyingine ni sehemu ndogo. Wako watakaokwambia kwamba pesa wanaweza kuisahau. Wanachotaka ni kuambiwa kwa nini, na kuahidiwa kwamba hatakuja tena.

La tatu ni msamaha wa moyoni. Haki rejeshi haimdai aliyekosewa asamehe. Akisamehe ni lake na Mungu wake. Kikao kinaweza kufanikiwa, deni likalipwa, hofu ikapungua, na bado bibi asitake kumwona kijana yule kwenye harusi ya mjukuu wake. Ana haki hiyo.

La nne ndilo linalonikera zaidi, na nitalikalia kidogo: kuyamaliza nyumbani. Wazee wanakutana, mbuzi anatajwa, bahasha inapita, mama wa binti anaambiwa "basi yaishe, tusichafue jina la ukoo". Binti mwenyewe yuko chumba cha pili, hakuitwa. Kuna watu wanaotetea jambo hili kwa kuliita mila, na sasa wamepata neno jipya la kulivika. Ubakaji na ulawiti si mambo ya mkekani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na mahali pa kwenda ni dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali, na ustawi wa jamii. Tofauti kati ya haki rejeshi na kuyamaliza nyumbani ni hii: katika haki rejeshi aliyeumia ndiye anayeamua kama kikao kiwepo, na kosa linasemwa wazi mbele yake. Katika kuyamaliza nyumbani, watu wengine wanaamua kwa niaba yake ili kosa lisisemwe kabisa. Anayetaka kufanya kazi hii kusini bila kulisema hilo mapema anajenga kitu kitakachotumiwa na wabakaji.

Sheria inafungua milango gani

Wapo wanaodhani usuluhishi katika jinai ni jambo la kigeni lisilo na mahali katika sheria zetu. Katiba, ibara ya 107A(2), inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, na ikuze na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inairuhusu mahakama, katika shambulio la kawaida na makosa ya asili binafsi, kuhimiza suluhu na kusimamisha shauri kama maslahi ya umma hayadai adhabu. Mabaraza ya Kata yaliwekwa na sheria ya mwaka huohuo wa 1985, na kazi yake ya msingi ni kulinda amani na kutafuta suluhu ya haki. Kwenye ardhi, tangu mabadiliko ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, wale watu wa vijijini waliopewa mafunzo ya kumwelekeza mwananchi.

Mfungwa wa zamani asidhani kila mlango hapo ni wake. Viti vya mabaraza vina masharti ya sifa, na usaidizi wa kisheria una masharti ya elimu na mafunzo. Lakini kuandaa watu kabla ya kikao, kumtembelea kijana aliyeko mahabusu, kukaa na familia inayomsubiri mtu wao atoke, hayo hayahitaji kiti chochote.

Kikao kinavyokaliwa

Ukitaka kuona haki rejeshi inavyoweza kuota mizizi Newala au Masasi, angalia ni nani lazima awepo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao kimila ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ana sauti ambayo baba hana. Kijana akileta baba yake peke yake, wazee upande wa pili watauliza: mjomba yuko wapi? Mjomba akisema "deni hili ni letu", deni limepata mwenyewe, hata kijana akitorokea Dar es Salaam kuuza nguo. Kuna na utani, ule uhusiano wa mizaha kati ya koo au makabila. Mtani anaruhusiwa kumwambia mtu ukweli mchungu msibani huku watu wakicheka, na yule hana ruhusa ya kukasirika. Sijui chombo kingine kinachoweza kumwambia mzee mwenye heshima kwamba amekuwa akimficha mwizi, na kikao kisivunjike.

Kazi kubwa inafanyika kabla watu hawajakaa. Mwendeshaji wa kikao anakwenda kwa bibi peke yake, pengine mara kadhaa, anamsikiliza bila daftari. Anakwenda kwa kijana peke yake. Anapima: je, kijana anakiri? Asiyekiri hapelekwi kwenye kikao, kwa sababu bibi atakwenda kuibiwa mara ya pili. Anaangalia mahali. Ofisi ya mtendaji haifai, maana mtu akiiona tu anaanza kujitetea. Anaangalia hata ukaaji: wazee wakikaa mkekani, kijana hawezi kupewa kiti.

Siku ikifika, kijana anaingia na kusema, "Shikamoo bibi." Bibi anaweza asiitikie. Mwendeshaji mgeni wa kazi ataingia haraka kuufunika ukimya huo, atasema maneno ya dini, ataomba watu wawe na moyo wa subira. Aliyekomaa ataunyamazia. Shikamoo isiyoitikiwa ni taarifa ya kwanza ya kikao: inamwambia kijana ukubwa wa alichokifanya kuliko hukumu yote aliyosomewa.

Kisha maswali, moja baada ya jingine. Kilitokea nini usiku ule? Ulikuwa unafikiri nini? Nani ameumia, na kwa namna gani? Bibi anaeleza mlango, mbwa, mjukuu. Kijana anaulizwa kwa nini nyumba ile, na jibu la kweli mara nyingi ni dogo na la aibu: kwa sababu nilijua unalala peke yako. Hakuna mtu anayependa kulisema hilo. Likisemwa, bibi amepata kitu ambacho mahakama haikumpa, hata kama kinauma.

Mwisho ni makubaliano, na hapa kalenda ya kusini inatawala. Kijana wa kijijini hana mshahara. Fedha inaonekana kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Kumwandikia alipe kila mwezi ni kumwandikia ashindwe. Makubaliano yenye akili yanasema: atapalilia na kusafisha chini ya mikorosho ya bibi kabla ya mavuno, atatengeneza mlango aliouvunja kwa useremala aliojifunza gerezani, na malipo yatakatwa msimu ukifika, mjomba akiwa mdhamini. Nakala inabaki kwa bibi. Na kama bibi hataki kijana akanyage shambani kwake, palizi inafanywa na kaka yake, yeye anamlipa kaka.

Je, haya yanafaa kitu zaidi ya kupoza mioyo? Joanna Shapland na wenzake waliifuatilia miradi mitatu ya aina hii nchini Uingereza kwa niaba ya serikali, ikihusu hata unyang'anyi na uvunjaji wa nyumba. Asilimia 85 ya waliokosewa walioshiriki vikao waliridhika, na kwa ujumla marudio ya makosa yalipungua kwa asilimia 14. Hiyo ni Uingereza. Lakini idadi hiyo ya kwanza ingetosha kunisukuma, hata kama ya pili ingekuwa sifuri.

Kwa nini aliyetoka jela

Kijana akikamatwa, maneno yake ya kwanza tunayajua: shetani alinipitia. Nilifuata mkumbo. Mwenye mali ana nyingi. Mchungaji au sheikh akiyasikia anaanza mawaidha. Mtu aliyelala selo anayasikia na kutabasamu kwa huzuni, kwa sababu aliwahi kuyasema mbele ya hakimu, na anajua saa ngapi ya usiku yanaacha kufanya kazi. Anaweza kumwambia, "Mdogo wangu, shetani hakubeba magunia mawili," na kijana akakubali, kwa kuwa anayemwambia hakusimama juu yake.

Hiyo ndiyo thamani yake, na haipatikani chuoni. Chicago wameitumia katika mpango ulioanzishwa mwaka 2000 na daktari Gary Slutkin: watu waliowahi kuwa kwenye magenge wanaajiriwa kuingia katikati ya ugomvi kabla risasi haijapigwa. Kwetu silaha ni panga na kiberiti zaidi ya bastola. Waliokuwepo Liwale Aprili 2013 wanakumbuka nyumba zilivyochomwa kwa hasira za malipo ya korosho. Makosa ya namna ile hayaishi kwa hukumu, kwa sababu baada ya hukumu aliyechoma na aliyechomewa wanapeleka korosho chama kimoja.

Upande wa mfungwa mwenyewe, mtafiti Shadd Maruna alizungumza na watu wa Liverpool waliokuwa na historia ndefu ya uhalifu, wengine wameacha, wengine wanaendelea, na matokeo aliyachapisha mwaka 2001. Mazingira yao yalifanana: umaskini uleule, mitaa ileile. Kilichotofautiana ni namna walivyojisimulia. Waliokuwa wakiendelea walijiona wamekwisha, hakuna lililobaki mikononi mwao. Walioacha walisema kwamba ndani yao palikuwa na mtu mwema tangu zamani, na kwamba yale waliyopitia sasa yana kazi: yatamwokoa mwingine. Wengi walitamani kufanya kazi ya kusaidia watu wa aina yao. Naye John Braithwaite wa Australia alieleza tangu 1989 kwamba aibu inayokemea kitendo na kumpokea mtu inamrudisha kundini, wakati aibu inayomgonga mtu muhuri wa kudumu inamrudisha kwa wezi wenzake. Kijiji kinachomwita mtu "yule wa jela" miaka kumi baada ya kutoka kinafanya hiyo ya pili, hata kama hakikusudii.

Kwa hiyo kiu ya kutaka kusaidia ni dalili nzuri. Lakini kiu hiyo ina hatari zake, na nazisema kwa sababu nawajali watu hawa.

Hatari ya kwanza ni kumgeuza aliyekosewa kuwa ngazi. Mtu anatoka, amejaa toba, anataka kumwona mama aliyempora ili moyo wake utulie. Moyo wa nani? Akienda mlangoni bila kuulizia, anakwenda kudai msamaha kama alivyokwenda kudai simu. Njia sahihi ni kupitia mtu wa tatu, na jibu la "hapana" lipokelewe bila kurudiwa. Kama aliyekosewa amekataa, au amefariki, mkosaji bado anaweza kulipa anacholipa kupitia ukoo, na bado anaweza kuwatumikia wengine. Asichoweza ni kujitangazia kwamba amemaliza.

Hatari ya pili ni kutembezwa. Mashirika yanapenda ushuhuda. Mtu anaitwa kwenye ukumbi, anasimulia aliyoyafanya mpaka watu wanalia, anapewa nauli na soda, anarudi kijijini ambako hana jembe. Mwezi ujao anaitwa wilaya nyingine asimulie tena. Baada ya muda kosa lake ndilo limekuwa ajira yake, na siku semina zikiisha hana kitu mkononi. Kama uzoefu wake una thamani, ulipwe kama kazi nyingine, na apewe mafunzo ya kuendesha kikao, si kipaza sauti tu.

Na njaa. Mtu hawezi kusuluhisha deni la wengine wakati yeye analala bila kula. Ufundi wa useremala au ushonaji wa gerezani unahitaji vifaa, mwajiri wa mjini anaweza kudai hati ya tabia njema kutoka polisi, na shamba lake la urithi pengine ndugu wameshaligawana. Kumshauri mtu kama huyo atafute kusudi la maisha kabla hajapata pa kulala ni ukatili wa maneno mazuri. Mwaka wa kwanza uraiani uwe wa chakula, paa, na kulipa anachoweza. Vikao vya watu wengine vitamsubiri.

Nimekuwa nikisema "kijana" na "yeye" kama vile waliofungwa ni wanaume tu. Mwanamke aliyetoka jela anarudi kwenye hali ngumu zaidi. Mwanamume anaweza kukuta mke amemsubiri. Mwanamke mara nyingi anakuta mume ameoa, na watoto wamefundishwa kumwita jina lingine. Huku kwetu ana bahati moja: ukoo wa mama unamtambua, na nyumba ya mama au ya mjomba haimfungii mlango kirahisi. Wanawake hawa wanajua mambo ambayo hakuna mwanamume atakayeambiwa. Binti aliyemtupa mtoto, mke aliyemmwagia mume maji ya moto baada ya miaka ya kipigo, hawatafungua mdomo mbele ya wazee wa kiume mkekani. Watafungua mbele ya mwanamke aliyepita hukohuko, hasa akiwa na kungwi wa kijiji pembeni yake. Anayepanga kuanzisha kazi hii Nachingwea au Nanyumbu na orodha yake ina wanaume watupu, aanze upya kuiandika.

Kuhusu fedha ya kuanzia, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mtu aliyetoka jela anaweza kujiunga na kikundi chenye wengine wasiowahi kufungwa, na ushauri wangu ni afanye hivyo badala ya kuunda kikundi cha wafungwa wa zamani watupu, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji atakayeombwa kuwatambua atakuwa akilitambua kundi la majirani. Mazungumzo na ofisa maendeleo ya jamii wa kata yaanze palizi inapoanza, maana fomu hizo huchukua muda, na Oktoba ikifika kila mtu yuko mnadani.